Ikienda ni Gari

Feruzi alinunua kombi kwa Mjerumani wa Shanzu
aliyekuwa akirudi kwao bila haja ya chochote ila tiketi.
Rangi ya chai iliyozidi maziwa. Mlango mmoja hufunguka kwa teke.
Ndani, kitanda cha kukunja, jiko la mafiga mawili,
na kabati lililonukia miaka ya watu wengine.

Miaka thelathini na mmoja Kilindini
alishusha magari kutoka melini,
ya Kampala, ya Kigali, ya Juba,
na hakuna hata moja lililomwambia, panda.
Hili lilimwambia.

Kisauni nzima ikaja kutazama.
"Mtalala humo kama kuku?" aliuliza Bi Dzame.
Mimi nikakata leso, nikashona mapazia.
Jina la leso likagawika:
ULIPO upande wa kushoto, NIPO wa kulia.
Mchana, mapazia yakiwa wazi, maneno hayajuani.
Usiku ukiyavuta, yanakutana.

Tulitoka kabla ya adhana ya alfajiri.
Saa tatu tuko Makupa, tunapoza injini.
Adhuhuri tuko Changamwe, tunasukumwa na wauza maji.
Magharibi ikatukuta Mazeras,
mahali ambapo mtu huenda kununua miche
akarudi na chai yake haijapoa.

Mariakani askari alituzunguka mara mbili.
"Mzee, hii ni gari ama ni nyumba?"
"Ikienda ni gari," Feruzi akasema. "Ikikataa, nyumba."
Askari akacheka hata akasahau kuitisha leseni.

Maungu ikakataa.
Tairi la nyuma lilipasuka kama dafu lililoangukia bati.
Nikasema, toa la akiba.
Feruzi akatazama lami.
Akatazama viatu vyake.
La akiba liko nyumbani, akasema. Limeegemea ukuta.

Yaliyonitoka kinywani siyaandiki.
Nilianzia kwenye tairi, nikapitia harusi yetu,
nikamfikia marehemu mamake.
Yeye kimya. Akachukua kiti, akalala nje,
malori yakimpita na kumwachia vumbi na mwanga.
Mapazia sikuyavuta.

Saa nane ya usiku nikatafuta kiberiti.
Nikapapasa chini ya kitanda, pale pa tairi,
mkono ukagusa chuma baridi, ukajua kabla yangu:
cherehani yangu.
Ile niliyosema acha tu, haina nafasi,
nikasema nimegeuza uso.
Ameivika ovaroli lake la bandarini
na kuifunga kamba kwa fundo la shehena,
lile lisilofunguka mawimbi yakipanda.

Nilimwamsha kwa kumfinya sikio.
Hakuna aliyesema kitu.

Siku mbili nilishona pale Maungu:
maturubai ya malori, viti vilivyotoboka,
shati la utingo mmoja aitwaye Mutinda
lililobakiwa na kola na matumaini.
Sindano saba zilivunjika. Pesa ikatosha tairi,
kuukuu, lakini duara.

Baada ya hapo ni mambo mengine. Voi, Mtito,
baridi ya Nakuru iliyotulaza na soksi za mikononi,
ziwa ambalo Feruzi aliapa ni bahari
mpaka alipolionja.

Mwezi wa pili tukavuka daraja la Nyali kurudi,
saa ya msongamano, honi zote zikitutukana,
nami napunga mkono dirishani kama bibi harusi.

La akiba lilikuwa pale pale ukutani.
Ila sasa limelala chali, na katikati yake
kuku wa Bi Dzame amelalia mayai tisa.
Alitutolea jicho moja, akalifumba.

Feruzi yuataka twende Lindi. Kesho, asema.
Nimemwambia, kamuombe mwenye tairi.